Kabati la runinga: Uzuri mbele, balaa nyuma

Ni Jumamosi ya Simba na Yanga, na runinga ya inchi 55 katika sebule moja ya Tabata, Dar es Salaam, inaonyesha maneno mawili tu: hakuna mawimbi. Mpira unaanza saa kumi na moja. Wageni wameshaketi, juisi imeshamiminwa, na baba mwenye nyumba anampigia simu fundi wa dishi kila baada ya dakika chache.

Fundi anafika, anavua viatu mlangoni, anatazama. Mbele yake kuna kabati lililoziba ukuta mzima, kutoka sakafuni hadi kwenye jipsamu, jeupe linalong'aa, taa za bluu zikitambaa pembeni mwa kila rafu. Runinga imefungwa katikati. King'amuzi kiko nyuma ya mlango wa kulia. Hakuna waya hata mmoja unaoonekana, na hilo ndilo lililomfanya mama mwenye nyumba alipende kabati hili tangu siku lilipopakuliwa kwenye kirikuu, vipande vipande.

Anaanzia kwenye king'amuzi. Anakivuta, kinakuja mbele vidole vinne kisha kinagoma, kwa kuwa waya wa dishi ulikatwa mfupi. Anapitisha mkono pembeni. Unakwama kwenye kiwiko. Anauliza kama runinga inashuka. Inashuka, ila boliti zake ziko nyuma ya ubao uliogandishwa kwa gundi. Anauliza kama mgongo wa kabati unafunguka. Kabati halina mgongo. Limepigiliwa ukutani moja kwa moja.

"Baba, hapa bila kukata ubao hatutoboi," anasema.

Tatizo lenyewe, lilipokuja kuonekana, lilikuwa plagi ya HDMI iliyolegea nyuma ya runinga. Kuisukuma irudi mahali pake ilikuwa kazi ya sekunde moja. Kuifikia kuligharimu kipindi chote cha kwanza na kipande cha MDF chenye ukubwa wa daftari, ambacho hadi leo kimezibwa kwa picha ya harusi.

Waulize wanaopanda juu ya mapaa kufunga madishi watakwambia hiki ndicho kilio chao kikubwa siku hizi, kuliko hata mvua na mabati yaliyooza. Nyumba zinajengwa vizuri, sebule zinapambwa, na kitu kimoja kinasahaulika: runinga, king'amuzi, redio na intaneti vyote vinaishi kwa kutegemea kinachoingia kwa nyuma. Kabati letu limejengwa kwa ajili ya kinachoonekana kwa mbele.

Tangu enzi za chogo

Tamaa ya kuupamba ukuta wa sebule si ya jana. Nyumba za mawe za Lamu zina zidaka, zile safu za vishubaka vilivyochongwa kwa chokaa ndani ya ukuta, na humo wenye nyumba waliweka sahani za kaure kutoka China ili mgeni azione. Ni kazi ya mikono ya kupigiwa mfano. Lakini sahani ya kaure haihitaji kuletewa chochote kutoka nyuma, ukishaiweka umemaliza.

Runinga ilipokuja, tuliipokea kwa akili hiyohiyo ya kidaka. Zanzibar ilianza kurusha picha za rangi mwanzoni mwa miaka ya 1970. Tanzania Bara ilisubiri hadi mwaka 1994, vituo binafsi vilipoanza matangazo. Kifaa chenyewe kilikuwa ile runinga ya chogo, inchi 14 au 21, nzito, mgongo umechomoza nyuma. Maseremala wakaitengenezea kabati la mninga lenye tundu la mraba katikati, vyombo vya kioo kulia, maua ya plastiki kushoto, na kitambaa cha kufuma juu. Waya ulikuwa mmoja wa umeme na mwingine wa antena. Aliyekuwa na deki ya video aliongeza waya mmoja au miwili, basi.

Halafu mambo yakaongezeka kimyakimya. Mitambo ya analojia ilianza kuzimwa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, mikoa mingine ikafuata. Kenya ikakamilisha zoezi hilo mwaka 2015. Kuanzia hapo kila runinga isiyo na uwezo wa dijitali ndani yake ilihitaji king'amuzi, na wapenda mpira wengi wakaishia na ving'amuzi viwili, kwa sababu ligi ya nyumbani iko huku na ya Ulaya iko kule. Juu ya hivyo likaja sabufa. Kisha kisanduku cha intaneti. Kisha mchezo wa watoto. Kisha kile kiboksi cha kulinda vifaa dhidi ya umeme unaopanda na kushuka.

Ukihesabu nyuma ya runinga ya familia ya kawaida ya mjini leo, nyaya kumi si ajabu. Na chogo lilipoondoka, kabati la mninga liliondoka nalo. Lile tundu la mraba lilitosha runinga yenye upana wa sentimita 60 hivi. Runinga bapa ya inchi 43 inakaribia mita moja. Makabati mengi mazuri, ya mbao ambayo leo huipati kirahisi, yalikatwa au kuhamishiwa jikoni kuweka sufuria kwa sababu tu yalijengwa kwa kipimo cha kifaa kimoja.

> Makabati mengi ya mninga yalihamishiwa jikoni kwa sababu yalijengwa kwa kipimo cha kifaa kimoja.

Mteja analipia uso

Keko, wilayani Temeke, ndiko wakazi wengi wa Dar es Salaam wanakokwenda wakitaka samani za kuchongesha. Ukipita kando ya barabara utaona makabati ya runinga yamepangwa uso kwa barabara, mgongo kwa karakana. Ukiomba kuona nyuma, fundi atakushangaa kidogo.

Hoja ya maseremala haipaswi kupuuzwa. Mteja anakuja na picha kwenye simu, anataka hivyohivyo, na anabishana bei. Picha yenyewe mara nyingi ni ya sebule ambayo bado haijaanza kutumika: hakuna king'amuzi, hakuna ekstensheni, pengine hata runinga yenyewe imechorwa kwa kompyuta. Hakuna mteja anayeuliza waya utapita wapi. Seremala akitumia saa mbili kutengeneza mgongo unaofunguka, saa hizo hazionekani kwenye picha na hazilipwi.

Tena wana hoja ya ufundi. Kabati la MDF lisilo na mgongo hulegea. Ukilisukuma kwa pembeni linalala upande. Ule ubao mwembamba wa nyuma, hata ukiwa wa milimita 3, ndio unaozishika pembe nne zibaki mraba. Kwa hiyo anayedai kabati liwe wazi nyuma ili nyaya zipite anaomba pia kabati litakaloyumba baada ya mwaka. Na uwazi huo unaleta vumbi na mende.

Upande wa pili wamesimama wale wanaokuja baadaye na bisibisi: fundi wa dishi, fundi umeme, kijana wa kampuni ya intaneti. Kwao kabati bora ni meza. Meza ndefu, miguu minne, kila kitu kinaonekana, nyaya zinaning'inia. Ukiwaachia wao sebule itafanana na chumba cha mitambo, na mama mwenye nyumba ana haki ya kukataa.

Kati ya hao wawili ameingia wa tatu, mpambaji wa ndani, ambaye suluhisho lake ni kufukia. Nyaya zote ndani ya ukuta, lipu juu, rangi juu, ukuta laini, runinga inaelea. Mteja anafurahi. Mimi, katika wote watatu, huyu ndiye ninayemwogopa zaidi, kwa sababu kosa lake limefunikwa kwa saruji.

Fikiria HDMI peke yake. Toleo la kwanza lilitoka mwaka 2002. Toleo la 1.4 la mwaka 2009 halikuwa na uwezo wa kupitisha picha ya 4K kwa fremu 60 kwa sekunde. Lile la 2.0 la mwaka 2013 likaweza. La 2.1, la mwaka 2017, likapandisha kasi kutoka gigabiti 18 hadi 48 kwa sekunde. Kichwa cha plagi kilibaki na umbo lilelile miaka yote hiyo. Kilichobadilika ni kebo. Aliyefukia kebo ya mwaka 2010 kwenye lipu anaweza kununua runinga mpya kabisa Kariakoo, akaichomeka ikaingia vizuri, halafu akashangaa picha inakatikakatika. Dawa yake ni tindo na nyundo.

Joto, mende na maji ya kudeki

Uharibifu mwingi hautokani na mtu kutaka kubadilisha kitu. Unatokana na kabati lenyewe.

King'amuzi cha dishi hakilali. Ukikizima kwa rimoti kinabaki kimesimama tu, kikinywa umeme na kutoa joto usiku kucha. Kiweke ndani ya chumba cha kabati kilichofungwa pande zote, katika jiji ambalo joto la Januari halina mzaha, na kitaanza kuganda picha, kisha kujizima chenyewe. Mwenye nyumba atalaumu mvua, atalaumu kampuni, atanunua kingine. Amplifaya ndiyo balaa zaidi: vitabu vya maelekezo vya baadhi ya amplifaya za spika nyingi hutaka nafasi ya hadi sentimita 30 juu yake. Sijawahi kuona rafu ya Keko iliyoachwa na nafasi hiyo bila mteja kuidai.

Hewa ya moto hupanda. Basi chumba cha vifaa kinahitaji upenyo chini, hewa ya baridi iingie, na upenyo juu upande wa nyuma, ya moto itoke. Hakuna sayansi zaidi ya hiyo. Mlango wa mbao nyembamba zilizoachiana nafasi unafanya kazi mbili kwa pamoja: unapitisha hewa, na unapitisha mwanga wa rimoti. Rimoti nyingi hutuma mwanga usioonekana kwa macho, na mwanga huo haupenyi ubao. Ndiyo maana nyumba nyingi zenye kabati la kifahari huishi na mlango mmoja uliofunguliwa daima. Kioo cheusi aghalabu huupitisha, kitambaa chepesi cha spika pia. Asiyetaka hata hayo anaweza kununua lile jicho dogo la kupokea mwanga, linalobandikwa mbele na waya wake kuingia ndani hadi kwenye king'amuzi.

Joto hilo lina wapenzi wake. Mende hupenda vifaa vyenye vuguvugu, mjusi huingia kuwafuata, na sisimizi hujaa ndani ya soketi. Fundi yeyote wa ving'amuzi ameshafungua kimoja akakuta mjusi aliyekaushwa juu ya bodi. Matundu ya nyuma yakiachwa wazi bila wavu ni mlango wa wageni hao. Wavu wa dirishani, kipande cha kiganja, unatosha.

Na maji. Sisi tunadeki kwa maji ya kutosha. MDF ni unga wa mbao uliokandamizwa kwa gundi. Ukinyonya maji unavimba na haurudi. Tazama kabati lolote la MDF la miaka mitatu lililokaa moja kwa moja sakafuni, utaona sentimita tano za chini zimefura na rangi imebanduka. Hapohapo chini ndipo ekstensheni ilipolala. Kabati liinuliwe kwa miguu ya chuma au ya mbao ngumu, angalau sentimita 10, na ekstensheni isikae sakafuni kamwe. Ifungwe kwa skrubu kwenye ubao wa ndani, juu.

Kalamu kwenye soketi

Sehemu hii ndiyo inayohusu maisha ya watu, na ndiyo inayofichwa vizuri kuliko zote.

Soketi zilizozoeleka nchini kwetu na Kenya ni zile za pini tatu za mraba, za mtindo wa Uingereza. Tundu la juu, la waya wa ardhi, ndilo linalofungua vizibo vya matundu mawili ya chini. Vifaa vingi vinakuja na plagi ya pini mbili za mviringo. Kila Mtanzania anajua kinachofuata: kalamu inachomekwa tundu la juu, vizibo vinafunguka, pini mbili zinaingia kwa kubanwa. Zinashika kwa ncha tu. Mguso wa namna hiyo hutoa cheche ndogondogo na joto, na nyuma ya kabati lililopigiliwa ukutani hakuna atakayeona plastiki ikigeuka kahawia.

Fyuzi nayo imesahaulika. Ndani ya plagi ya pini tatu kuna fyuzi, na ukubwa wake unapaswa kuendana na waya unaotoka. Runinga ya inchi 55 kwa kawaida hutumia kati ya wati 100 na 200. Fyuzi ya ampea 3, ambayo kwa volti 230 inabeba karibu wati 700, inaitosha kabisa. Lakini plagi za madukani karibu zote huja na fyuzi ya ampea 13, ya pasi na birika. Waya mwembamba wa king'amuzi ukigusana ndani, fyuzi hiyo inaweza kuchelewa kukatika huku waya ukiungua.

Hatari nyingine ni seremala mwenyewe anapotoboa tundu dogo. Kichwa cha HDMI, pamoja na plastiki yake, kina upana wa milimita 20 hivi, kwa hiyo tundu la milimita 25 linaonekana kubwa. Plagi ya umeme haipiti hapo. Basi inakatwa, waya unapitishwa, kisha unaungwa upya kwa kusokota na kufungwa utepe mweusi, nyuma ya kabati, mahali ambapo hapatafikiwa tena. Nimeona viungo vya namna hiyo vitatu kwenye kabati moja, na kabati lilikuwa jipya.

> Plagi haipiti kwenye tundu, basi inakatwa, waya unaungwa kwa utepe mweusi mahali ambapo hapatafikiwa tena.

Kazi ya kuweka soketi mpya ukutani ni ya fundi mwenye leseni. Tanzania Bara leseni za kufunga umeme hutolewa na EWURA kwa madaraja. Kenya ni EPRA. Seremala hata awe hodari vipi si fundi umeme, na kumwambia "wewe malizia tu hapo" ni kumtwisha dhamana isiyo yake.

Kuanza na mgongo

Kabati linalofaa huanza kuchorwa na kilicho nyuma. Kabla ya kwenda kwa seremala, orodhesha kila kifaa, pima upana, kimo na kina chake, na kwenye kina ongeza sentimita 7 za plagi na mkunjo wa waya. Hapo ndipo wengi hukosea. King'amuzi chenye kina cha sentimita 25 hakikai kwenye rafu ya sentimita 28. Plagi zitagusa mgongo, waya utavunjika shingo. Kwa ving'amuzi peke yake, kina cha sentimita 40 ndani kinatosha. Ukiwa na amplifaya, nenda hadi 50.

Kwa wenye mpango wa spika nyingi na picha kubwa, sinema ya nyumbani kwa maana kamili, tenga chumba kimoja cha kabati kiwe cha amplifaya pekee, na usiweke chochote juu yake. Nyaya za spika zipite upande mmoja wa kabati na za umeme upande wa pili; zikilazimika kukutana, zikatane kwa pembe mraba. Sabufa linalovuma bila muziki kuwashwa mara nyingi limefungwa pamoja na waya wa umeme kwenye fungu moja.

Sasa mgongo. Ugomvi wa seremala na fundi wa dishi unamalizika kwa kuukata mgongo vipande. Sehemu zinazolishika kabati, yaani pembeni, juu na chini, zibaki zimepigiliwa kabisa. Nyuma ya kila chumba cha vifaa liwekwe dirisha la ubao uleule, linaloshikwa kwa skrubu nne au sumaku, linalofunguka bila kuhamisha kabati. Kabati linabaki imara, fundi anapata pa kupitisha mikono yote miwili. Mikono miwili ni kipimo kizuri: ukiweza kuingiza mmoja tu huwezi kushika kifaa na kuchomeka plagi kwa wakati mmoja.

Lakini dirisha la nyuma halina maana ikiwa kabati limegusa ukuta. Kabati dogo lifungwe magurudumu yenye breki, yale ya mpira, livutwe mbele likihitajika. Kubwa lisilosogea liachwe sentimita 10 kutoka ukutani na pengo lifunikwe pembeni kwa ubao unaochomoka, au, ambayo naipenda zaidi, ubao wa nyuma ya runinga uwekwe bawaba na ufunguke kama mlango. Ni ghali kidogo. Lakini runinga ya inchi 55 ina uzito wa kilo 15 hadi 20, na kuishusha kila mara kwa sababu ya plagi moja ni kuitafutia ajali.

Matundu kati ya rafu yawe ya milimita 80, yawekewe vile vifuniko vya plastiki vya meza za ofisini. Plagi ya pini tatu inapita bila kukatwa. Yawe nyuma kwenye kona, tundu moja kila upande, si katikati ya rafu.

Kuhusu urefu wa waya, mafundi wetu wana tabia ya kukata sawasawa ili kazi ionekane safi. Mkataze. Kila waya uwe na akiba ya kutosha kifaa kutolewa nje ya kabati kikiwa bado kimechomekwa. Nusu mita mara nyingi inatosha. Akiba hiyo izungushwe kwa upana na kufungwa kwa utepe wa kunata na kubandua, si kwa vile vibanio vya plastiki ambavyo kuvifungua lazima ukate, na wengi wameishia kukata waya wenyewe. Waya wa dishi hasa usikunjwe kwa pembe kali; ukivunjika ndani, mawimbi yanadhoofu na kwa nje huoni kitu.

HDMI nunua ya mita mbili au tatu, si kumi kwa kujihami. Kwa picha ya 4K, kebo ya kawaida ikizidi mita tano huanza kuleta matatizo.

Na anayejenga sasa, ambaye tofali zake za inchi sita bado hazijapigwa lipu, ana bahati ambayo hataipata tena. Aweke mabomba mawili ya plastiki ya milimita 50 ndani ya ukuta, kutoka nyuma ya runinga hadi nyuma ya kabati, kwa mkunjo mpana na si kwa kona kali, na ndani ya kila bomba aache kamba ya nailoni ya kuvutia nyaya. Umeme usipite humo. Runinga iwekewe soketi yake hapohapo juu, kwa bomba lake. Hivyo ukuta unabaki laini kama mpambaji alivyotaka, na siku kebo mpya ikitoka unafunga ncha ya kamba, unavuta, umemaliza.

Jambo la mwisho halina gharama yoyote. Bandika karatasi ndogo kwenye ncha zote mbili za kila waya, iandikwe ni wa nini. Kisha piga picha ya nyuma ya runinga na ya kila kifaa kwa simu. Siku dada wa kazi akifuta vumbi na kuchomoa kitu, hutahitaji kumwita fundi.

Mpangaji afanyeje?

Ushauri huu unamhusu mwenye nyumba yake. Wapangaji wa Dar, Mombasa au Nairobi wana kikwazo kingine: mwenye nyumba hataki ukuta wake utobolewe, na mkataba ukiisha kabati lazima lipite mlangoni. Kwao lile la ukuta mzima ni kosa tangu mwanzo. Kabati la chini, lenye urefu wa mita moja na nusu, linalosimama lenyewe, lenye madirisha ya nyuma na magurudumu, litaingia katika nyumba yoyote. Runinga isimame juu yake kwa miguu yake. Nyaya zinazopanda zifichwe kwenye mfereji wa plastiki wa kubandika, ule wa mafundi umeme, ambao ukipakwa rangi ya ukuta hauonekani kwa mgeni aliyekaa kwenye kochi.

Wapo wanaosema tusubiri, kila kitu kitakuwa bila waya. Spika za Bluetooth zipo, filamu zinakuja kwa intaneti, dishi litakufa. Huenda. Ila spika isiyo na waya bado ina waya wa umeme, au betri inayohitaji kuchajiwa. Kisanduku cha intaneti kina wake, runinga ina wake. Nyaya za picha na sauti zitapungua. Za umeme zitaongezeka, na hizo ndizo za hatari.

Kwa hiyo unapokwenda kuchukua kabati lako kwa seremala, nenda na king'amuzi, HDMI na ekstensheni mkononi. Vipange kwenye rafu, funga milango, kisha umwombe fundi achomoe plagi zote na kuzirudisha bila kusogeza kabati na bila kukata kitu. Akishindwa, zuia malipo ya mwisho hadi atoboe dirisha nyuma. Karakanani ni kazi ya nusu saa, na msumeno uko palepale.